Vikombe vya kuvu kwenye kinyesi cha ng'ombe: nilivyojifunza kuvitofautisha

Kuna kuvu wadogo wenye umbo la kikombe au kisahani wanaoota kwenye kinyesi cha ng'ombe na mbuzi. Wengi hawafiki milimita 5 kwa upana, na kwa macho unaona vidoti tu vya manjano, vya rangi ya machungwa au vyeupe. Picha hazikufikishi mbali hapa, kazi yote iko kwenye hadubini. Na kama kuna neno moja ningemwambia anayeanza, ni hili: kitazame kikombe kikiwa kibichi, kwenye maji matupu, kabla hujafungua chupa ya dawa yoyote.

Kinyesi nilikifuata mnadani Pugu. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta ng'ombe?"

"Hapana mzee, natafuta mavi yake tu."

Alicheka, akadhani nina bustani ya mchicha. Nilipomweleza shida yangu, akauliza: "Sasa hao kuvu utasema ni wa Pugu au wa Shinyanga? Maana hawa tumewashusha jana." Mzee aligusa penyewe. Spora (chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana nazo) za kuvu hawa huliwa pamoja na majani, hupita tumboni bila kudhurika, kisha huota kinyesi kikishatoka, na kwa ng'ombe safari hiyo ya tumboni huweza kuchukua siku kadhaa. Tangu hapo lebo zangu zinataja mahali nilipookota na mahali mnyama alikotoka.

Nyumbani unahitaji bakuli la plastiki lenye kifuniko, karatasi ya chooni iliyoloweshwa kidogo chini, na dirisha lenye mwanga usio wa jua kali. Kwa joto la Dar maji yakizidi kila kitu kinaoza, kwa hiyo karatasi iwe na unyevu tu, na kifuniko ukifungue mara kwa mara. Dada yangu ana sharti lake: "Kaka, hilo bakuli nisilikute jikoni." Wa kwanza kutokea kwa kawaida ni kuvu mwingine aitwaye Pilobolus, vijiti vinavyong'aa vyenye kofia nyeusi. Vikombe hufuata baadaye.

Hadubini yangu ni ya mtumba, ya kioo cha kuakisi mwanga badala ya taa, na umeme ukikatika naendelea na kazi. Nakinyanyua kikombe kwa ncha ya sindano, nakikata kipande kwa wembe mpya, nakiweka kwenye tone la maji, nafunika kwa kioo chembamba na kubonyeza taratibu kwa kifutio cha penseli. Vifuko vya spora vinatawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kila kimoja kwa kawaida na spora nane, na kwa juu kuna kifuniko kidogo kinachofunguka spora zinaporushwa.

Jambo la kwanza kuuliza ni rangi ya spora. Zikiwa za zambarau, uko kwa Ascobolus au Saccobolus, jenasi mbili za vikombe hivi. Ascobolus furfuraceus, wa manjano yenye ukijani, unaweza kumtambua hata kwa lenzi ya mkononi: juu ya kisahani utaona nukta nyeusi nyeusi zimechomoza. Hizo ni ncha za vifuko vilivyokomaa. Ndani ya maji kila spora inaonekana peke yake, ina mistari myembamba kama nyufa kwenye ganda lake. Saccobolus yeye spora zake nane zimegandana kifurushi kimoja na hurushwa hivyo hivyo, kwa hiyo huhitaji kupima chochote ili kuwatenganisha wawili hawa.

Ugumu uko kwa wale wa rangi ya machungwa wenye spora zisizo na rangi. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Kwanza natafuta nywele ukingoni. Zikiwepo, nazifuata kwa lenzi ya 40 kutoka shina hadi ncha: zisipokuwa na kuta za kukatiza ndani, ni Lasiobolus, zikigawanyika vyumba vyumba, naelekea Cheilymenia. Kama hakuna nywele, ndipo naleta iodini. Naweka tone la Lugol (myeyusho wa iodini) pembeni mwa kioo na kulivuta kwa kipande cha tishu upande wa pili, huku jicho likiwa kwenye lenzi. Kuta za vifuko zikigeuka buluu na spora zina vipele vidogo, ni Iodophanus. Zisipogeuka, na spora ni laini, namfikiria Coprotus.

Lakini kuna mtego: spora za Ascobolus changa nazo hazina rangi, na vifuko vyake navyo hugeuka buluu. Ndiyo maana sipimi spora zilizomo kifukoni. Naweka slaidi safi juu ya kinyesi, upande wa mwanga, naiacha usiku na mchana. Vifuko huinamia mwanga na kurusha spora huko, asubuhi inayofuata slaidi ina spora zilizokomaa zenyewe. Napima ishirini au zaidi, urefu na upana, baada ya kusawazisha mistari ya kipimo iliyo kwenye lenzi ya jicho kwa slaidi yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, yaani maikromita 10 kila kipande.

Dawa nzito kama laktofenoli naziweka mwisho kabisa. Zinapendeza kwa kuonyesha vipele na mistari, lakini zinaua chembe hai, na ndani ya spora za baadhi ya kuvu hawa huzua viputo ambavyo kwenye maji havikuwepo. Asiyeanza na maji hatajua kipi alikikuta na kipi amekisababisha.

Anayetaka kuanza kwa urahisi amtafute Ascobolus immersus. Kikombe chake ni kidogo, kimezama kwenye kinyesi, kina vifuko vichache tu, ila spora zake hufika maikromita 50 hadi 70 kwa urefu. Kwa lenzi ya 10 tu unaziona.