Ugonjwa si jina langu: siku moja kwenye karakana ya kanga, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai, beseni. Mita 30 za kitambaa cha marekani zimelala usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga ili ziachie wanga wa kiwandani. Nazisuuza mpaka maji yasiteleze tena mkononi, nakausha pembe moja, nadondoshea tone la maji. Tone likikaa juu limeviringika, wanga bado upo, narudia kuloweka. Likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Hatua hii ikirukwa wino hukaa juu juu, na kanga ikifuliwa mara mbili inabaki na kivuli cha maneno. Leo tone limezama.

Kazi yangu ni kuendesha karakana ya sanaa ya watu wanaoishi na magonjwa ya akili. Wengi wakisikia hivyo husema, "Ahaa, unawachezesha wagonjwa." Simchezeshi mtu. Tunatengeneza kanga za mkono, doti 10 mwaka huu, za kuonyesha na kuuza Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa tangu 1992. Zimebaki siku 3.

Kwa nini kanga, na kwa nini Dodoma? Hapa ndipo ilipo Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na jina la hospitali hiyo limegeuzwa tusi nchi nzima. Mtu akikosea chenji dukani anaambiwa "wewe wa Mirembe". Mtu aliyetibiwa akapata nafuu anarudi mtaani na jina hilo limeshatangulia kufika. Kanga nayo ina jina. Ina pindo, ina mji, na pale chini ya mji pana maneno ambayo tangu zamani tunayaita jina la kanga. Kikundi kilibishana siku mbili nzima kabla ya kukubaliana jina la mwaka huu: UGONJWA SI JINA LANGU. Pindo ni zabibu, mji ni mbuyu.

Saa 2 nafagia, namwagia uwanja maji kutuliza vumbi, natandika meza chini ya turubai. Oktoba ya Dodoma ni upepo na vumbi, na vumbi likitua kwenye wino mbichi halitoki tena.

Saa 3 wanafika. Hatuanzi mapema zaidi ya hapo, na wafadhili hutuuliza kila mwaka kwa nini. Dawa nyingi za usiku huacha usingizi mzito asubuhi. Ukimwita mtu saa 1 atakuja, lakini mkono wake utakuwa bado umelala, na atakayemwona atasema ni mvivu. Siku ya kliniki ya sindano pia hatufanyi kazi. Kwanza uji wa ulezi na viazi vitamu, kwa sababu baadhi ya dawa zikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu, na nyingine huongeza njaa mara dufu. Ndoo ya maji ya kunywa iko kila meza, maana midomo hukauka.

Kupanga nani akae wapi ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo hakuna mgeni anayeiona. Anayetumia klopromazini, moja ya dawa za magonjwa ya akili, ngozi yake huungua haraka juani, hivyo anakaa katikati ya turubai, siyo pembeni ambako jua la saa 6 linaingia. Haloperidoli, dawa nyingine ya aina hiyo, inaweza kutetemesha mikono: huyo apewe muhuri mpana wa pindo badala ya brashi nyembamba. Dawa hiyo hiyo humfanya mwingine ashindwe kutulia kwenye kiti. Huyo ukimwambia "kaa, tulia" unamtesa bure. Mpe kazi ya kutembea, abebe vitambaa kutoka mezani hadi kwenye kamba na kubana vibanio. Mwaka huu mtu wa kamba ndiye mwenye kasi kuliko sote.

Mihuri tunaichonga kwenye soli za kandambili kuukuu, tunaibandika kwenye kibao cha kushikia. Herufi tunakata kwenye filamu kuukuu za eksirei, ngumu vya kutosha na hazilowi. Kwanza zinalowekwa kwenye jiki ili picha yote ing'oke ibaki plastiki angavu. Tunafanya hivyo ili mstari wa penseli uonekane, na pia kwa sababu filamu hizo zina mifupa na majina ya watu, na jina la mgonjwa si la kuachwa mezani.

Jina letu lina herufi 18. Nne kati ya hizo, O moja na A tatu, zina tundu katikati, na ukizikata bila kuacha daraja dogo la plastiki tundu linadondoka, unabaki na doa. Daraja liwe milimita 3. Likiwa jembamba zaidi linakatika kwenye kanga ya tano au ya sita.

Visu vya karatasi ni 4, viwembe 6. Jumla 10, imeandikwa ubaoni kwa chaki, na hakuna anayekata bila kuandikiwa. Kanuni hii inamhusu kila mtu mwenye mikono, mimi wa kwanza. Tukiifanya iwe ya wagonjwa peke yao tunakuwa tumesema lile lile linalosemwa mtaani.

Saa 4 mpaka saa 6 na nusu kazi inakwenda yenyewe. Wino uzito wa mtindi. Sifongo, vipande vya godoro, inachovywa, inakamuliwa mpaka ibaki na unyevu tu, kisha inagongwagongwa wima kwenye tundu la herufi. Usifute wala usisugue. Filamu inanyanyuliwa juu moja kwa moja, haivutwi pembeni.

Saa 7 mchana anafika mpiga picha. Chombo chake cha habari sitakitaja. Aliahidi saa 4, wakati mwanga ni laini na watu wana nguvu. Amekuja jua likiwa utosini, watu wamekula, nusu yao wamejilaza kwenye mikeka. Swali lake la kwanza, kabla hata hajapokea mkono wangu:

"Dada, wagonjwa ni wepi?"

Nikamwambia hapa wapo wachapaji, wakataji na mtu wa kamba. Akacheka kidogo, akadhani namtania. Akaomba watu watoke chini ya turubai waende uwanjani, "kwenye mwanga". Nikamweleza habari ya dawa na jua. Akasema dakika 5 tu. Nikamwambia kwa ngozi ya mtu wa klopromazini jua hili si la kujaribiwa hata kwa dakika hizo. Akasogeza kamera chini ya turubai kwa shingo upande, na papo hapo akailenga mikono inayotetemeka ya mzee mmoja wa pindo, karibu kabisa, bila kuomba. Mzee akauacha muhuri, akaificha mikono mapajani.

Hapo nikasimama mbele ya kamera. Siyo jambo ninalopenda kufanya. Tuna karatasi ya ridhaa yenye visanduku 3: kazi yangu ionyeshwe, sura yangu ionyeshwe, jina langu litajwe. Kila kimoja kinajibiwa peke yake. Mtu anaijaza siku akiwa na nafuu, haipelekwi kwake wakati amezidiwa, na asubuhi ya tukio anaulizwa tena kwa mdomo. Mzee alikubali kazi yake ionyeshwe. Sura, hapana. Mikono yake nayo nimeihesabu kuwa sura, kwa sababu jirani zake wanaijua.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekubali vyote vitatu wiki iliyopita, na leo asubuhi akasema hataki tena. Mpiga picha akaiona karatasi yake. "Lakini huyu alishasaini." Ndiyo, alisaini, na leo amekataa. Binti yake ana mchumba, ukweni hawajui. Hakunituma niseme sababu, wala mpiga picha hakuhitaji kuisikia. Akanung'unika kwamba amesafiri mbali, kwamba mhariri wake anataka "hisia", kwamba bila uso hakuna habari. Akaomba basi angalau mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili na kuinama. Picha hiyo ya kushika kichwa imeshapigwa vya kutosha. Inamfundisha mtazamaji kwamba mwenye ugonjwa wa akili ni mtu aliyeinama muda wote, hafanyi lolote, hana la kusema.

Nikampa nilichokuwa nacho: sifongo ikigonga, herufi zikitokea moja moja, migongo, kamba yenye kanga 12 zinazopepea, na sauti za wale waliokubali, kila mmoja akieleza kazi anayoifanya. Alikataa, akapiga simu, akarudi, akakubali. Dakika 40 zimepita na hakuna kanga hata moja iliyosogea.

Alipokuwa akisubiri betri akaomba ajaribu kuchapa. Mkataji wetu, kijana anayeongea kwa nadra, akampa sifongo na filamu ya neno la mwisho. Akachovya, akagonga, akanyanyua. A imevuja pande zote.

"Umelowesha mno, kaka," kijana akamwambia. "Kamua kwanza. Gonga kama unambembeleza mtoto."

Akakamua, akarudia kwenye kitambaa chakavu, mara nne. Walikaa hapo wakibishana kuhusu wino na mimi nikawaacha. Mwaka 2022 tume ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa ilieleza kwamba njia yenye nguvu kuliko nyingine ni watu kukutana na wenye uzoefu wa ugonjwa. Mabango na mihadhara tunavyo, navyo vina kazi yake. Lakini wa kukusahihisha sifongo hawezi kuwa bango. Ndiyo maana Oktoba 10 hatuweki vitambaa ukutani na waandaaji pembeni. Aliyechapa anasimama nyuma ya meza yake, anataja bei, anaeleza namna ya kufua. Kibandiko kina jina la kazi, aina ya kitambaa na bei. Ugonjwa wa mtu hauandikwi hapo, kwa kuwa mteja akiusoma ananunua kwa huruma, na kanga iliyonunuliwa kwa huruma haivaliwi.

Wapo wanaotuuliza tunasherehekea nini. Aliyekaa wiki tatu bila usingizi, au aliyesikia sauti zikimtukana mchana kutwa, haoni sherehe ndani ya ugonjwa wenyewe, na sitamruhusu mtu aje kusema kwamba ugonjwa ndio uliompa kipaji. Kipaji cha yule mkataji kimetokana na kukata. Tunasherehekea kuwa hapa, mchana, barabarani, bila kufichwa chumba cha uani.

Baada ya hapo sikuiangalia tena saa. Kupiga pasi kulianza umeme ukiwepo: upande wa nyuma kwanza, kisha mbele juu ya kitambaa kikavu, joto la pamba, bila mvuke, kama dakika 5 kila sehemu, ili wino ushike. Umeme ukakatika tukiwa na kanga ya saba. Pasi ya mkaa inafanya kazi, ila jivu likidondoka limetoboa au limepaka, kwa hiyo kila mara inapepewa mbali na meza, upande upepo unakoelekea. Taratibu mno. Huku akina mama wa muheme wanafanya mazoezi uwanjani. Wagogo wana ngoma hiyo, wanaipiga wanawake, nayo haipigwi kwa kunong'ona. Anayesumbuliwa na kelele ana mkeka wake nyuma ya jengo, anaondoka bila kuaga na hakuna anayemfuata kumuuliza.

Jua limeshapungua tukahesabu visu. Tisa.

Hakuna anayeondoka, na hakuna anayepekuliwa mfuko. Tunaanza na meza, halafu takataka, halafu maji ya sifongo kwa kijiko, halafu mikeka inakung'utwa mmoja mmoja. Mpiga picha naye, alikuwa hajaondoka, akafungua begi lake mwenyewe bila kuambiwa. Miguu inawaka moto, mgongo umekataa kuinama, na bado kila pipa linamwagwa chini na kurudishwa. Kiwembe kilikuwa kimenasa kwenye utepe wa gundi uliokunjwa ukatupwa. Kumi. Chaki ikafutwa.

Kanga 14 ziko kwenye kamba, 6 zilizobaki bado hazina jina. Kile kipande chenye A iliyovuja hatukitupi: kesho kitakatwa mifuko ya kuwekea sifongo.