Waridi jekundu kuwa mchoro wa rangi za mafuta: ninavyofanya kwa GIMP

Maua mekundu ndiyo yanayosumbua kuliko yote ukitaka kuyapa sura ya mchoro, kwa hiyo naeleza kwa waridi jekundu. Ukiliweza hilo, asumini na bugenvilia hazitakushinda. Natumia GIMP 2.10, programu ya bure ya kuhariri picha.

Mambo mengi huamuliwa kabla hujagusa filta, yaani zana inayobadili sura ya picha nzima kwa mpigo. Picha imejengwa kwa chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Waridi likipigwa picha juani, chaneli nyekundu hugonga kikomo chake, 255, huku picha nzima ikionekana ina mwanga wa kawaida tu. Mikunjo na mishipa ya petali inakuwa imeshafutika humo, na kwa kuwa filta ya mafuta kazi yake ni kuunganisha pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) zinazofanana, ua zima linatoka kama bapa moja lisilo na umbo. Ndiyo maana napiga kivulini, tena kwa kushusha mwanga wa kamera kati ya 0.7 na 1 EV (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Kwenye GIMP nafungua Histogram, grafu ya mgawanyo wa mwanga, na kuitazama Red peke yake. Grafu ikiwa imebanana kwenye ukuta wa kulia, kuna kilichopotea.

Lakini si lazima picha itupwe. Umbile la petali mara nyingi limebaki kwenye chaneli ya kijani. Narudufu leya (tabaka la picha) kwa Shift+Ctrl+D, naingia Colors, Components, kisha Mono Mixer. Green naiweka 1, Red na Blue 0. Petali zinakuwa nyeusi tititi, kwa hiyo nafungua Levels na kubonyeza Auto Input Levels mpaka mishipa ijitokeze. Humo chenga haziishi, basi naipitishia Gaussian Blur ya pikseli 1. Halafu nabadili hali ya leya kuwa Soft light, nateremsha Opacity (kiasi leya inavyoonekana) hadi 40, na kuiunganisha na ya chini kwa Merge Down. Waridi linapata mikunjo tena. Hatua hii naithamini kuliko filta yoyote.

Kabla ya kuendelea, weka picha kwenye ukubwa wa mwisho kwa Scale Image. Filta huhesabu pikseli, haijui sentimita. Alama za brashi zilizopendeza kwenye picha ya pikseli 4000 hazionekani ukiipunguza kwa ajili ya simu. A4 ya kuchapa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508. Namba ninazotaja hapa ni za picha yenye upande mrefu wa pikseli 2000 hivi.

Sasa mandhari ya nyuma na ua nayatenganisha, kila kimoja kipate nguvu yake. Nakuwa na leya mbili za picha ileile. Ya chini ni ya nyuma: Filters, Artistic, Oilify (ndiyo filta ya mafuta), Mask Radius 12. Ya juu ni ya ua: Oilify hiyohiyo, Mask Radius 4, na Exponent naishusha kidogo ili mpito wa rangi uwe laini. Leya ya juu naipa maski nyeupe (kifuniko ambacho palipo peusi huficha leya), kisha kwa brashi laini ya rangi nyeusi nafuta kila kisicho ua.

Hapa ndipo kazi za wengi huharibika. Oilify ya nguvu huusukuma wekundu wa petali nje ya ukingo wake, na baada ya kuweka maski unaona utando mwekundu umelizunguka ua. Kufuta zaidi kwenye maski hakusaidii, maana utando uko leya ya chini. Dawa yake ni kutumia Clone, brashi inayonakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine, kwenye leya hiyo kabla ya filta: nachukua majani ya jirani na kuyapaka juu ya ukingo wa petali, kuingia ndani pikseli 20 hivi. Hata likionekana baya haidhuru, litafunikwa.

Mistari ya penseli huipa petali mfupa. Narudufu leya ya picha kabla ya mafuta, naipeleka juu kabisa, naiondoa rangi kwa Desaturate, narudufu tena, nageuza ya juu kwa Invert, Gaussian Blur 6, hali Dodge, kisha Merge Down. Kinachobaki ni mistari juu ya nyeupe. Hali Multiply, Opacity 30. Ikizidi 50 ua linakuwa katuni.

Picha za simu zilizofifishwa nyuma kwa programu ziepuke: simu hukata kingo za petali ovyo, na filta hukuza kila kosa.

Filta ya Apply Canvas naitumia kwa picha za skrini tu, Depth 2. Kama utachapa kwenye turubai halisi, iache kabisa, la sivyo nyuzi zitagongana na zile za kitambaa. Faili lenye leya lihifadhi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe. JPEG ya ubora wa 92 itoe mwisho.