Chupa ya Shangazi

Jana usiku mwenzangu wa kazini aliniandikia ujumbe: "Dada, wamesema naanza kemo Jumatatu. Wewe ulikuwa unakula nini?" Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, kisha nikamjibu: kula kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, chochote kinachopita kooni, na usimeze jani wala mzizi kabla ya kumwambia daktari. Nilipokwisha kutuma, aliyenijia akilini ni Shangazi.

Ilikuwa baada ya dozi yangu ya pili ya kemo, dawa za kutibu saratani. Dozi ya kwanza mwili unashtukizwa. Ya pili mwili umeshajua kinachokuja, na kichefuchefu kinaanza ungali kwenye matatu, hata geti la hospitali hujaliona. Nilikuwa natiwa ile dawa nyekundu, doksorubisini, pamoja na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21. Ile nyekundu sista huisukuma kwa mkono wake, polepole, macho kwenye mshipa, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ukirudi nyumbani mkojo unatoka mwekundu, na hata kama ulionywa mapema, moyo unakupasuka. Tembe za kuzuia kutapika zilizuia kutapika kweli. Kichefuchefu zilikiacha palepale, na choo zikakifunga. Kinywani kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma: maji, chai, hata mate yangu.

Na Nairobi mtu akiugua saratani, kila anayempenda huja na dawa. Jirani wa ghorofa ya pili aliniletea juisi ya bitiruti ya kuongeza damu. Mama mmoja wa kanisani akaleta kopo la vitamini lenye maandishi mengi. Kwenye simu zikaja video za majani ya mstafeli, za manjano, za mwarobaini. Sikumcheka hata mmoja, na sitawacheka leo. Mtu anayekuona unakwisha mbele ya macho yake hawezi kukaa mikono mitupu.

Shangazi alikuja na treni ya asubuhi inayosimama Voi, akashuka Syokimau na kiondo begani. Alipoingia chumbani hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanivua kitambaa kichwani, akapapasa upara wangu kwa kiganja kizima kama anayepima homa ya mtoto, akanifunga tena. Kisha akafungua kiondo. Ukwaju wa maganda, unga wa mlonge, na chupa ya soda ya lita mbili iliyoviringishwa kwenye leso, imejaa maji meusi.

"Hii ni ya bibi yako," akasema. "Imetoa watu kaburini. Utakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni."

Harufu yake iliponifikia, tumbo liligeuka. Lakini shida haikuwa harufu. Shida ilikuwa kumwambia hapana mwanamke aliyenilea miaka mama yangu alipokuwa akifanya kazi Mombasa, aliyesafiri siku nzima, aliyechimba mizizi hiyo kwa mikono yake. Nilikuwa nimeahidi kliniki kwamba sitakunywa kitu bila kuuliza. Kwa hiyo nikauliza. Nilimpigia mfamasia wa kliniki, kijana mpole, nikaiweka simu kwenye spika juu ya blanketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndani ya chupa kuna nini, mama?"

Shangazi alinyamaza. Dawa ya ukoo haitajwi kwenye simu. Akasema tu, "Mizizi mitatu."

Yule kijana hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba dawa nyingi za kemo huvunjwavunjwa na ini, na kwamba kuna mimea inayoliharakisha ini, dawa ikaisha kabla ya kufanya kazi yake, na kuna mingine inayolichelewesha, dawa ikabaki mwilini muda mrefu na kugeuka sumu. "Si kwamba mizizi yako ni mibaya, mama. Siijui tu. Na hawezi kuijaribu sasa hivi."

"Mizizi yangu imetoka ardhini," Shangazi akajibu. "Hiyo yenu imetoka kiwandani."

"Hata yetu imetoka ardhini, mama. Hii nyekundu ilianzia kwa vijidudu vya udongo, huko Italia, karibu na ngome ya kale inayoitwa Castel del Monte. Na kuna nyingine tunayowapa watoto wenye saratani ya damu, vinkristini, ilitoka kwenye lile ua la Madagaska ambalo watu hapa Nairobi wanalipanda mbele ya nyumba. Ila hizi zimepimwa. Tunajua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua."

Nilimtazama Shangazi usoni. Nilitarajia aondoke chumbani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza simu kama anayesikiliza habari za kifo kwenye redio. Muda ukapita, nikasikia hata honi za Outering Road. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayeomba: "Na ukwaju je?"

"Ukwaju kwenye uji? Mpikie, mama. Ila akitoka vidonda mdomoni uuache, uchachu utamchoma."

Akasimama. Chupa akairudisha kwenye leso, na leso kwenye kiondo, akaingia jikoni. Nilisikia madirisha yakifunguliwa yote mawili, maana nilikuwa nimemwambia kwamba harufu ya chakula cha moto ndiyo inayoniangusha. Nilisikia kinu kikitwanga tangawizi. Alipika uji mwepesi wa wimbi, akauacha upoe kabisa, ndipo akauchanganya na maji ya ukwaju na sukari kidogo. Kijiko cha chuma nilikikataa, akatafuta cha mbao.

Alininywesha mwenyewe. Kijiko cha kwanza nilikishika mdomoni nikingoja ile ladha ya chuma, na badala yake ukwaju ukanibana mashavu, pembeni mwa ulimi, mpaka machozi yakanitoka. Ulikuwa ukwaju. Nilitambua ninachokula. Nikameza, tukangoja wawili tukiangalia beseni. Haikurudi. Akanipa cha pili. Hatukuongea. Kikombe hakikuisha, lakini nililala usiku ule nikiwa na kitu tumboni, na yeye alilala kando yangu juu ya mkeka, ingawa kochi lilikuwepo.

Mengine yalikwenda haraka. Vidonda vya mdomo vilikuja, nikasukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi na soda ya kuokea, na ukwaju tukauweka kando, nikala mala ya pakiti na boga lililopondwa. Papai kwa ajili ya choo. Kachumbari na matunda yaliyokatwa barabarani nikakatazwa, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa chini, na siku kipimajoto kiliposoma nyuzi 38 tulikwenda hospitali usiku huohuo bila kungoja kuche. Bitiruti niliila ikiwa imechemshwa. Kopo la vitamini mfamasia aliomba likae mpaka nimalize, na likakaa.

Je, ule uji ulinisaidia? Siwezi kuapa. Kichefuchefu cha kemo hupungua chenyewe baada ya siku kadhaa, na huenda siku yangu ya kupungua ilikuwa imefika tu. Huenda ni tangawizi. Huenda ni ule mkeka. Mimi naamini ulinisaidia, na sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba uliniponya, kwa sababu najua kilichopunguza uvimbe ni kile kilichopita kwenye mshipa.

Shangazi naye ana imani yake. Chupa alirudi nayo Voi, na mpaka leo anasema ningeinywa ningepona mapema zaidi. Desemba iliyopita nilimuuliza ile mizizi ni ipi. Akanitajia miwili kwa Kitaita, nikaandika. Wa tatu akaufumbia mdomo. Tulipokwisha kuosha vyombo akaniuliza, "Yule kijana wa dawa bado yupo?"

"Yupo, Shangazi."

"Mwambie nitamletea yote mitatu. Jina la huo wa tatu nitamtajia yeye mwenyewe, na nitataka aniambie wanavyoipima."

Nilimfikishia salamu. Kijana akasema yeye hana maabara, lakini atawauliza walimu wake wa chuo kikuu, na aje tu. Nauli nilimtumia Shangazi mwezi wa pili. Nikimpigia, ananiambia anangoja mvua zipite, maana mzizi uliochimbwa kwenye tope haufai.