Nilivyofanya redio ya shosho isimwamshe mtoto

Hapa Umoja, Nairobi, tunaishi chumba kimoja, shosho (nyanya yetu) na redio yake huku, mtoto analala mita mbili tu kule, basi nikapanga spika ndogo nane kwa mstari, kila moja na filta yake (hesabu inayobadilisha nguvu na muda wa sauti yake), ili mawimbi yajumlishane kwa kiti cha shosho na yafutane kitandani. Kwa majaribio ya kompyuta ilikuwa safi kabisa. Kwa nyumba besi ilikwaruza, spika zikatetemeka, mtoto akalia.

Shida ilikuwa hivi: wimbi la hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde, sauti ya besi) lina urefu wa karibu mita 3.4, kwa hivyo spika zilizobanana haziwezi kulielekeza, filta zinadai nguvu nyingi mno hadi spika zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na kosa dogo la kipimo linaharibu kila kitu. Nikaongeza adhabu ya nguvu kwa hesabu, yaani filta zisitumie nguvu kupita kiasi, nikakata sauti za chini ya hezi 200, alafu nikapima upya na maikrofoni pazia na godoro zikiwa mahali pake. Nafasi kati ya spika nikaipunguza kutoka sentimita 10 hadi 5, maana kwa 10 sauti za juu ya hezi 1,700 zilikuwa zinavujia kando.

Jana shosho amesikiza taarifa ya saa moja yote, na mtoto hata hakugeuka.