Kombi haikuwa na kiu, ilikosa pumzi

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa bodaboda mwenye dumu la maji. Tulikuwa tumeshaipita Kisesa, barabara ya Musoma, saa saba mchana, mimi na mke wangu, watoto watatu, na mifuko miwili ya saruji ya kumalizia choo cha mama kule Magu. Kombi, kile kibasi cha Volkswagen chenye injini nyuma, ilikuwa imeishiwa nguvu kidogokidogo, taa ya oili ikaanza kukonyeza, na nyuma kukawa na harufu ya oili iliyoungua.

"Kaka, fungua rejeta tuimwagie."

"Haina rejeta."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna ng'ombe asiye na tumbo. Akazunguka nyuma, akaiona injini imejificha mle ndani, akaanza kufungua dumu. Ilibidi nimshike mkono. Injini ya Kombi ya 1969 inapozwa kwa hewa tu. Silinda zake nne ni za chuma zenye mapezi membamba, kama mapezi ya sato yaliyopangwa kuzunguka bomba, na vichwa vyake ni vya alumini. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa imechemka hivyo, unaweza kupasua ulichokuwa unakiokoa. Nilimshukuru sana yule kijana, tukakaa chini ya mti saa nzima na nusu. Nilipojaribu kuchomoa kijiti cha kupimia oili nilikiachia palepale, kikaniachia alama kwenye kidole gumba.

Ile Kombi ni ya mjomba. Aliifanyia kazi miaka mingi, akibeba samaki kutoka Mwaloni, Kirumba, na mimi nilijifunza gia nikiwa nimekaa mapajani mwake. Macho yake yalipodhoofika aliiegesha chini ya mwembe nyumbani kwake Nyegezi, ikakaa hapo miaka tisa. Aliponikabidhi funguo alisema neno moja tu: "Usiiuze." Kwa hiyo habari ya kuachana nayo haikuwepo kichwani mwangu, hata siku ile pale Kisesa.

Gereji ya kwanza nilikoipeleka mjini ilinipotezea miezi miwili. Fundi alisema Kombi zote huchemka, ndivyo zilivyo. Akabadilisha oili, akaweka kigingi cha mti ili mfuniko wa injini ukae wazi nikiwa natembea, akasogeza mbele taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche, "ili iwe nyepesi". Kweli ikawa nyepesi kuondoka. Lakini ikazidi kuchemka, na kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, kati ya Mabatini na Buzuruga, nilikuwa naizima kila tunaposimama kwa hofu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ambaye siku hizi hata gereji hana. Anakaa barazani kwake na sanduku la spana, wanaomfuata ni wenye magari ya zamani tu. Nilifika asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ngosha. Mwangaluka?" akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Nimeleta Kombi. Inachemsha."

Hakugusa spana. Aliniambia niwashe, akatoa kwenye mfuko wa shati uzi mwekundu wa kushonea, urefu wa kiganja. Akaanza kuupitisha pembeni mwa injini kama mganga anayetafuta kitu. Kwenye lile bati kubwa linalofunika feni kuna matundu mawili ya duara, moja kila upande. Alipouweka uzi mbele ya tundu la kulia, ukasimama wima ukipepea kwenda nje. Tundu la kushoto, vilevile. Kisha akaushusha hadi kwenye mwanya kati ya injini na bodi, kule chini. Uzi ukanyooka kuelekea ndani.

"Weka mkono hapo."

Niliweka. Upepo uliokuwa unaingia kupitia ule mwanya ulikuwa wa moto, unatoka kwenye ekzosi.

"Unaona? Hewa nzuri inaitupa, halafu inavuta joto lake yenyewe. Hii haina kiu, ngosha. Inakosa pumzi."

Nikaanza kuielewa kuanzia hapo. Feni ya Kombi hii imefungwa kwenye shafti moja na jenereta, na vyote vinazungushwa na mkanda mmoja. Inavuta hewa baridi kutoka kwenye yale masikio yaliyoko ubavuni, nyuma ya madirisha, inaisukuma chini ipite katikati ya mapezi, itoke chini ya gari ikiwa ya moto. Mabati yote yanayoizunguka injini ni njia ya kuelekeza ile hewa. Mpira unaozunguka injini unatenga juu na chini, ili hewa ya moto isirudi. Na kile kigingi cha mfuniko? Mzee alikichomoa, akakitupa. Kikiacha mfuniko wazi, joto la ekzosi linapata mlango mwingine wa kurudia.

Yale matundu mawili yalikuwa ya hita. Kombi ilitengenezwa Ujerumani, kule hewa kidogo ya feni inapitishwa kwenye mabomba ya ekzosi ikapashe abiria joto. Hapa Mwanza hita nani anaitaka, kwa hiyo kuna mtu zamani alizing'oa na kufunga ekzosi ya kuungaunga, bila kuziba matundu. Miaka yote hiyo sehemu ya pumzi ya injini ilikuwa inamwagika bure. Tuliyapimia vipimo, nikaenda kwa mafundi bati wanaotengeneza majiko na makarai, wakanikatia vifuniko viwili kutoka kwenye bati la pipa, wakavikunja ukingo kwa nyundo ya mti. Vilikaa sawasawa kama vifuniko vya sufuria. Kuhusu mpira, wa kiwandani sikuupata, nikatumia tyubu ya lori, iliyokatwa vipande virefu na kukunjwa mara mbili. Inaanza kukakamaa kwa joto, naibadilisha kila baada ya miezi michache mpaka niagize mpira halisi.

Lakini mzee hakuridhika. Alisema silinda namba tatu inamtia wasiwasi. Kwenye Kombi za miaka ile kipoza oili kimesimama ndani ya bati la feni, juu kabisa ya silinda hiyo, kwa hiyo hewa inayoifikia imeshapita kwenye oili ya moto kwanza. Ndiyo maana valvu ya ekzosi ya namba tatu ndiyo inayojulikana kwa kukatika. Kiwanda kiliona tatizo hilo, na kuanzia injini za modeli ya 1971 kikakisogeza kipoza oili pembeni. Ya kwangu ni ya kabla ya hapo. "Tuishushe," akasema.

Tuliishusha injini kwa jeki, watu watatu. Mzee akalegeza bati la feni, akalinyanyua, na wote tukanyamaza.

Panya. Miaka tisa chini ya mwembe, pale karibu na shamba, na pamba ilikuwa inahifadhiwa banda la jirani. Juu ya silinda namba tatu na namba nne kulikuwa na kiota kikubwa kama mikono miwili iliyokusanywa: nyuzi za pamba, majani makavu, kipande cha karatasi ya daftari, maganda ya karanga. Pamba ya chini, iliyogusa mapezi, ilikuwa imegeuka kahawia na kukauka kama kaki. Mapezi yenyewe yalizibwa kabisa kwa mchanganyiko wa oili na vumbi. Niliingiza bisibisi nyembamba katikati ya mapezi mawili, nikatoa tope gumu lenye umbo la pezi. Nilikuwa nimewabeba watoto wangu juu ya kitu kile, kingeweza kushika moto.

Nilifanya kazi ya kusafisha mwenyewe, siku mbili, kwa mswaki, waya na mafuta ya taa. Pezi moja moja. Mzee alinikataza kutumia nyundo au patasi kwa sababu mapezi ya chuma yanavunjika kirahisi. Kipoza oili nacho tulikitoa, kilikuwa na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi, wameganda humo kwa oili.

Mengine yalikwenda haraka. Tapeti, yaani nafasi ndogo za valvu, zilikuwa zimebana, tukaziseti milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Oili lita 2.5, namba 40, na kile kichujio cha wavu kikaoshwa. Taimingi ndiyo ilinishtua. Kwa distribyuta niliyonayo, kile kifaa cha kugawa umeme wa plagi, ile ya Bosch 009, ikifika mbele kabisa haitakiwi kuzidi nyuzi 32. Tulipopima kwa taa, ya kwangu ilikuwa inakaribia 40. Yule fundi wa kwanza aliiseti kwa sikio, na sikio haliwezi kusikia joto.

Mkanda mzee alinifundisha mara tatu hadi nikaweza peke yangu. Puli ya jenereta ina vipande viwili, na katikati yake kuna washa, yaani pete nyembamba za chuma. Ukitoa washa moja katikati, vipande vinakaribiana, mkanda unapanda juu na kukaza. Washa iliyotoka unaiweka nje, chini ya nati, isipotee. Ukibonyeza kwa kidole gumba katikati, uzame kama sentimita moja na nusu. Na taa ya chaji ikiwaka barabarani, simama hapohapo, usisubiri kufika mbele, kwa sababu mkanda ukikatika feni nayo imekufa.

Kitu cha mwisho kilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa na tabia ya kupanda miinuko na gia ya nne huku nimekanyaga mafuta, nikidhani kelele ndogo ndiyo huruma. Mzee alikaa pembeni yangu tulipokuwa tunaijaribu, akanipiga kofi dogo kwenye goti. "Tatu! Weka tatu!" Injini ikizunguka polepole na mzigo mzito, feni nayo inazunguka polepole, na joto ndipo linapopanda. Gia ya tatu ina kelele, lakini ina upepo. Siku hizi nashusha gia kabla ya mwinuko, na mke wangu ameshazoea ule mlio.

Nilikuwa nimefunga geji ya joto la oili, kitu ambacho Kombi haikutoka nacho kiwandani. Kabla ya bati la feni kufunguliwa ilisoma nyuzi joto 128 nikiwa natoka Usagara kuja mjini. Baada ya kila kitu kurudi mahali pake, njia ileile, jua lilelile, ilifika 101 ikagoma kupanda.

Mwezi uliopita nilimchukua mjomba. Alitaka kuliona Daraja la J.P. Magufuli, kwa sababu kwenye kivuko cha Kigongo alilala usiku mwingi akisubiri zamu na samaki wanaharibika. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na tulilivuka tukiwa gia ya tatu, madirisha wazi. Hakusema kitu njia nzima, alikuwa anasikiliza nyuma.

Tulipofika upande wa Busisi aliniambia niegeshe. Akashuka na fimbo yake, akapapasa mpaka akaupata mfuniko, akaufungua. Akachomoa kijiti cha oili, akakishika kwa vidole viwili, akakaa nacho hivyo huku midomo inatembea, anahesabu. Akakifuta kwa kitambaa cha mfukoni, akakirudisha.

"Twende Sengerema," akasema.