Siku moja ya mshona shanga anayeuguza paka

Saa 11 alfajiri. Msikiti wa jirani unaadhini, na mimi nimeshachuchumaa mbele ya beseni la mchanga, tochi ya simu mkononi, natafuta mkojo wa paka. Mchanga naumwaga kidogo tu, wa kufunika chini ya beseni, ili palipolowa paonekane upesi. Leo pamelowa sehemu mbili. Naandika kwenye daftari lilelile la oda za wateja: "Afande, mara mbili, usiku." Mstari wa juu yake unasomeka: "Jozi 12, shanga za shaba, namba 38 hadi 42."

Kazi yangu ni kushona shanga kwenye makubazi ya kike. Ngozi naikata mwenyewe, shanga nazishona mwenyewe kwa mkono, kisha nampelekea fundi viatu anabandika soli. Naishi Buguruni, chumba na sebule, uani tunachangia wapangaji wote. Kibaraza ndiyo ofisi. Kwa kuwa siondoki asubuhi na mkoba, mtaa mzima umeshakata shauri kwamba sina kazi. Mtu akitaka kuacha ufunguo, mtoto, au mtungi wa gesi uje kuchukuliwa, anaacha kwangu. "Wewe si upo tu."

Afande ni dume la miaka sita, jeusi, jina alipewa na watoto wa uani kwa sababu ya mwendo wake: anapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu. Wiki iliyopita alianza kukaa kwenye beseni muda mrefu, anajikamua, hatoi kitu, analia. Uani kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema kavimbiwa, apewe mafuta ya nazi. Mwingine akaniletea Panadol kwa nia njema kabisa, nikaipokea kwa asante na kuitupa chooni. Kwa paka hiyo ni sumu. Ini lake haliwezi kuivunjavunja, damu inashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Kumbe njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Dume njia yake ni nyembamba, chembechembe na ute vikikusanyika vinageuka kizibo, na mkojo usipotoka, taka zake zinarudi kwenye damu hadi moyo unasimama. Ni suala la siku mbili tatu, si la kusubiri mwisho wa mwezi. Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya usingizi, akampitishia mpira, akamsafisha kibofu. Bili ilizidi kodi yangu ya mwezi. Niliilipa kwa malipo ya awali ya zile jozi 12, sare ya sendofu. Sasa nitamwambiaje mteja asubiri kwa kuwa nina mgonjwa, wakati mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekula hela yake?

Saa 12 na nusu, kidonge. Namzungushia kanga kuukuu, kichwa tu kibaki nje, nafungua taya kwa kidole, kidonge nyuma kabisa ya ulimi, kisha maji kidogo kwa bomba la sindano. Ananitazama kwa jicho la mtu anayesubiri zamu yake ya kulipiza. Baada ya hapo kibua aliyechemshwa bila chumvi, kapondwa na mchuzi mwingi. Dagaa wakavu wamepigwa marufuku. Ukoo wa paka ulitoka nchi za jangwa, kiu yao ni ndogo, maji mengi wanayapata ndani ya nyama wanayokula. Ukimlisha vikavu kila siku mkojo unakuwa mzito na zile chembechembe zinapata pa kuanzia. Kwa hiyo nimeweka bakuli za maji sebuleni, chumbani na kibarazani. Zote kazisusa. Anakunywa kwenye ndoo yangu ya kufulia.

Saa 2 mpaka saa 4 asubuhi ni muda wangu wa kazi hasa: jua linaingia kibarazani kwa ubavu, rangi zinaonekana zilivyo, wenye kelele wamekwenda makazini. Sindano inaokota shanga nne, nazilaza juu ya mstari niliouchora, nachoma ngozi, narudi nyuma shanga mbili, napita tena ndani yake, ndipo naendelea. Kule kurudi nyuma ndiko kunakokula muda, na ndiko mteja asikokuona. Ukikuacha, kazi inakwenda mbio, lakini siku uzi ukikatika ngazi ya daladala, shanga zote zinamiminika. Makubazi yangu uzi ukikatika zinadondoka mbili tatu, basi. Nalisema hili kwa majivuno na siombi radhi.

Nashona huku Afande kalala kwenye mkeka, na hapo pana sheria. Kila kipande cha uzi nikikikata kinaingia kwenye kopo lenye mfuniko, palepale. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea kooni. Uzi ukishashika hawezi kuutema, unakwenda ndani tu, na ukifika kwenye utumbo unaukunja wote pamoja mpaka apasuliwe. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke kwa daktari ulivyo. Sindano nazo zina idadi. Zikilala pungufu, silali.

Saa 4 nikamwachia Bibi mwenye nyumba zamu ya ulinzi, nikapanda daladala ya Barabara ya Uhuru hadi Kariakoo kuongeza shanga za shaba. Duka la kwanza zimekwisha. La pili zipo, ila si shaba ile. Shanga za rangi moja zikitoka mafungu tofauti hupishana kidogo, dukani huoni, ukitoka juani unaona mguu wa kulia na wa kushoto kama watoto wa baba mbalimbali. Nilitembea na kubazi moja mkononi, nalinganisha, mpaka kijana mmoja mwenye meza karibu na Mtaa wa Congo akaninyooshea pakiti bila hata kuuliza. Ndizo.

Saa 8 mchana. Nimerudi, nimemwagia maji kichwa, nimekaa, nimetia uzi kwenye tundu la sindano.

"Hodi wenyewe!"

Shangazi wa bibi harusi. Mwenye oda.

"Karibu shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Hakuna anayepita Buguruni kwa bahati saa 8 na jua lile. Akakaa kwenye kiti changu, mimi nikahamia kwenye ndoo. Akachukua kubazi lililokwisha, akavaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Linanibana."

"Shangazi, ulisema namba 40."

"Mguu wangu ni 40. Hii 40 yako ndiyo ndogo."

Nikapima. Ni 41 na ushee. Nikaandika. Nikadhani tumemaliza, kumbe tulikuwa tunaanza. Alitaka ua la katikati liwe kubwa zaidi, lakini shanga zisiongezeke maana yatakuwa mazito. Alitaka kisigino kidogo, lakini yabaki flati. Akampigia mjumbe wa kamati, akaweka spika, nikasikia watu wasiopungua watatu wakibishana kuhusu miguu yao. Kisha akashusha sauti ile ya kinamama wakitaka kukuumiza kwa upole.

"Mwanangu, hii 28,000. Kariakoo nimeona yanafanana na haya, 12,000."

Nikamhesabia. Ngozi 6,000. Soli na gundi 4,000. Fundi wa kubandika 4,000. Shanga na uzi 3,500. Hiyo ni 17,500 kabla sijainua sindano. Inayobaki 10,500 ndiyo mikono yangu, macho yangu na mgongo, na jozi moja inanichukua siku nzima ikiwa sijaingiliwa. Yale ya 12,000 yamebandikwa kwa gundi ya moto kiwandani, mvua moja ya masika yanabaki matundu.

Alinisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa. Halafu akasema, "Lakini wewe hulipi fremu. Umekaa tu hapa kibarazani kwako."

Ningeweza kumjibu kwamba kibaraza nakilipia kodi, na taa, na miwani niliyobadilisha mwaka huu. Afande akaniwahi. Alitoka chumbani kwa mwendo wake, akasimama katikati, akamtazama. Shangazi akakusanya baibui lake hadi magotini.

"Yallah! Tena mweusi! Na hicho alichonyolewa tumboni nini?"

"Mgonjwa, shangazi. Nauguza."

"Unauguza paka? Watu wanauguza watu huko, mwanangu, wewe unauguza paka?"

Bibi mwenye nyumba alikuwa pembeni anachambua mchele, na tulidhani hasikii. "Wewe mama," akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "hukusikia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka? Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini."

"Nimesikia, Bibi. Lakini yule alikuwa paka mzima."

"Basi wa mgonjwa uzidishe mara mbili."

Shangazi akainuka, na katika kuinuka upindo wa baibui ukachukua sinia yangu. Shaba, nyeupe, na kahawia iliyoiva, zote chini, nyingine zikapita kwenye ufa wa saruji kwenda kusikojulikana. "Ala! Pole mwanangu. Haya, Ijumaa basi." Akaondoka. Mjumbe wa kamati alikuwa bado yuko kwenye spika.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia vizuri. Niliokota shanga kwa kipande cha kitambaa kilicholowa, nikazimwaga kwenye sahani nyeupe, nikaanza kuzitenga rangi kwa ncha ya sindano, moja moja. Watoto wa uani walikuja kusaidia, nikawafukuza, nikawaita tena. Fundi viatu alipita kuuliza kama jozi za leo zipo tayari. Hazipo. Mtu aliacha mtungi wa gesi.

Katikati ya hayo nikakumbuka daftari. Tangu alfajiri hakuna mstari mpya wa Afande. Nikaenda kwenye beseni, mchanga mkavu. Nikamuuliza Bibi, akasema hakumwona akienda. Afande mwenyewe alikuwa amekaa chini ya meza, amejikunyata, na nilipomgusa akasogea.

Magharibi ikaingia na umeme ukakatika. Kahawia na shaba kwenye mwanga wa tochi ni rangi moja, kwa hiyo kushona kulikwisha. Nikampigia daktari. Akaniuliza anatapika? Hapana. Amekula? Kidogo. Anakwenda kwenye beseni na kujikamua? Hapana, hakwenda kabisa. Nimpapase kwa upole chini ya tumbo, nione kama kuna kitu kigumu cha mviringo, lakini nisimminye hata kidogo, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Nikapapasa. Sikujua ninachokigusa. Joto la chumba, mbu, simu inakaribia kuzima, na mimi kwa magoti napapasa tumbo la paka huku meseji za sauti za kamati zinaingia mfululizo. "Ikifika saa 4 usiku hajakojoa, mlete," daktari akasema. "Usisubiri asubuhi."

Nilianza kupiga hesabu ya bajaji ya usiku kwenda na kurudi, na mpira mwingine, na hela ambayo haipo. Kapu nikalitoa. Kanga nikaitandika ndani. Nilimwinua nimweke, akaniponyoka, akapita juu ya ngozi zangu, akapita juu ya sahani (shanga zikamwagika tena, nisiwachoshe), akafika pale ninapoweka fomu zangu, yale maboksi meupe niliyokatia vipimo vya miguu. Akachagua namba 40. Akachuchumaa.

Ulitoka. Si matone, ulitoka mwingi, ukaenea boksi zima, na kwa kuwa boksi ni jeupe nikaiona rangi yake kwa tochi: njano, hauna damu. Nikapiga kigelegele. Kutoka chumba cha tatu mtu akauliza nani kaposwa.

Nikamtumia daktari picha. Akajibu kwamba ni vizuri, anywe maji, kidonge cha usiku kisirukwe. Nikampa. Umeme ukarudi karibu na saa 5, nikasafisha, nikachora fomu mpya ya namba 40 nikiwa na usingizi, nikatenga shanga kwa mara nyingine, nikahesabu sindano. Zilitimia. Kubazi moja tu ndilo nililomaliza siku hiyo, la kulia.

Ndipo nikasikiliza meseji za sauti. Ya mwisho ilikuwa ya shangazi: kamati imekaa, wameona shaba itafifia kwenye picha, nibadilishe iwe fedha, na bei ibaki ileile kwa kuwa ni rangi tu.

Nikamwandikia: "Sawa shangazi. Zile nilizokwisha kushona, kufumua na kushona upya ni 8,000 kila jozi. Ijumaa itakuwa Jumatatu."

Alama zikageuka buluu. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena.

"Basi acha hiyohiyo shaba mwanangu. Paka anaendeleaje?"

"Kakojoa, shangazi."