Ndege wa uani: panga maji na tawi kabla ya kushika kamera

Picha nyingi za ndege wa uani huharibika kabla kamera haijawashwa. Ndege katua kwenye kamba ya nguo, ukuta uko mita moja nyuma yake, jua linampiga mgongoni. Hapo hata lenzi ya bei kubwa haisaidii. Dawa ni kumwamulia ndege mahali pa kutua.

Anza na maji. Punje huvuta walaji wa punje tu, shomoro na njiwa na jamaa zao. Maji huvuta hata walaji wa wadudu wasiogusa nafaka kamwe. Chombo kiwe kipana, kina cha sentimita 2 ukingoni na kisizidi 5 katikati, na kiwe cha kukwaruza chini. Kama ni laini, tia jiwe bapa wasiteleze. Maji yanayodondoka huwavuta kuliko yaliyotulia: toboa kitako cha chupa kwa sindano, uining'inize juu ya chombo, tone moja kila sekunde mbili tatu. Kifuniko ukikikaza sana matone yatakoma, maana hewa haiingii juu, kilegeze kidogo. Maji yabadilishwe kila siku. Kinyesi hueneza magonjwa, na mbu anahitaji wiki moja tu hivi kutoka yai hadi kuruka.

Kichaka kiwe mita 2 au 3 kutoka majini. Kikiwa karibu zaidi, paka anapata maficho ya kuvizia. Kikiwa mbali, ndege hana pa kukimbilia kipanga akipita. Kioo cha dirisha nacho ni hatari: chombo kiwe ndani ya mita 1 kutoka kioo, ambapo ndege akishtuka hajapata kasi ya kujiumiza, au zaidi ya mita 10. Katikati ya vipimo hivyo ndiko wanakojigonga wakafa.

Sasa tawi, na hapa ndipo pa kutumia muda. Ndege hapendi kushuka majini moja kwa moja. Hutua kwanza, akachungulia, ndipo ateremke. Simika tawi kavu lenye unene wa kidole, nusu mita kutoka kwenye chombo, kwa kimo cha lenzi. Pogoa vijitawi mpaka zibaki sehemu moja au mbili za kutua, kisha elekeza fokasi (pale lenzi inapotoa picha kali) hapo mapema. Tazama na upepo: ndege hutua akiukabili. Ukivuma kutoka nyuma yako, atakutazama. Ukitoka ubavuni, utampata ubavu. Ukikupiga usoni, utaambulia mkia. Kilicho nyuma ya tawi kiwe mbali, angalau mita 5, ili majani yayeyuke yawe rangi tupu.

Kwa ndege wadogo, lenzi ya milimita 300 hadi 400 (namba ikiwa kubwa, ndege huvutwa karibu zaidi) ukiwa mita 3 au 4 inatosha. Angalia kwanza umbali wa chini kabisa ambao lenzi yako inaweza kufokasi. Baadhi haziwezi kitu kilicho karibu hivyo, na watu hulaumu kamera bure. Kwa milimita 400, mita 4 na f/5.6 (kipimo cha tundu la lenzi), eneo linalotoka kali ni sentimita 2 au 3 tu: jicho linapatikana, mkia unapotea. Nenda f/8, tundu dogo zaidi lenye eneo kali pana zaidi, na subiri ndege akae ubavu. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/500 ya sekunde kwa aliyetulia, 1/1000 anapooga, 1/2000 au zaidi akiruka. ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande. Chembechembe inazoleta hupunguzika kwenye kompyuta, ukungu wa mtikisiko hautoki. Shata ya kielektroniki ni kimya, lakini kwenye kamera nyingi hupinda mbawa zinazopiga, kwa kuwa kihisio, sehemu ya kamera inayopokea picha, husomwa mstari kwa mstari.

Ndege mweusi mbele ya anga jeupe hutoka kivuli kitupu: ongeza mwanga kwa stopu 1 (yaani mara mbili) au zaidi kidogo. Mweupe mbele ya majani meusi, punguza. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ana yake: rangi ile inayometa haitokani na wino wa manyoya bali na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, hivyo jua lisipokuwa mgongoni mwako anaonekana mweusi tu.

Ukipiga picha kutoka ndani ya nyumba kupitia dirisha, zima taa, sogeza lenzi karibu na kioo na uielekeze moja kwa moja. Ukiilaza pembeni, kioo huharibu ukali.

Sauti za ndege zilizorekodiwa usizicheze: dume huacha kula akihangaika kumfukuza mpinzani asiyekuwapo. Na majani yanayofunika kiota yasikatwe kwa ajili ya picha, kwani ndiyo yanayokizuia kisionwe na kunguru. Ukiona ndege ametutumua manyoya mchana kutwa, macho nusu wazi, haruki ukimkaribia, huyo ni mgonjwa. Ondoa maji na chakula kwa wiki mbili ili wengine wasikusanyike naye, na vyombo uvisugue, uvisuuze, uvianike juani mpaka vikauke kabisa.